Duara la Waridi

Butembo, Jumamosi 4 Februari 2023

Wanafunzi wangu wawili wa mwaka wa mwisho wamekuja na somo la TFC, kazi yao ya kumaliza masomo: kutafuta katika udongo wa huku bakteria wanaotengeneza asparajinasi, kimeng'enya kinachotibu leukemia ya watoto. Nimewakubalia kabla hawajamaliza kueleza. Jioni, labo ikiwa tupu, ndipo nimeanza kupiga hesabu ya tulicho nacho. Mashine ya kusafisha protini hatuna. Aga, ute wa kuoteshea bakteria, hutujia kidogo kidogo kutoka Kampala, na njia ya mpakani Kasindi ikichafuka bei inapanda. Vyombo tunavichemsha katika sufuria ya presha. Umeme upo, lakini hukatika usiku na kabati la joto linapoa.

Hata hivyo somo hili lina uzuri ambao masomo mengi ya biokemia hayana: jibu lake linaonekana kwa macho.

Asparajini ni mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hutumia kujenga protini. Chembe nzima hujitengenezea yake. Katika leukemia kali ya limfu, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani, chembe changa nyeupe zilizoharibika haziwezi kuitengeneza vya kutosha. Zinaishi kwa ile inayopita ndani ya damu. Asparajinasi ikitiwa katika damu huivunja asparajini hiyo ikabaki asidi aspartiki na amonia. Chembe za ugonjwa zinakosa chakula na kufa, za mwili zinaendelea. Dawa nyingi za saratani hupiga kila chembe inayogawanyika haraka, nywele na utumbo vikiwamo. Hii hupiga udhaifu mmoja ambao chembe nzima hazina.

Na amonia ndiyo inayotusaidia sisi maskini wa vifaa. Weka katika aga asparajini na rangi ya fenoli nyekundu. Sahani inakaa njano. Bakteria anayevunja asparajini anatoa amonia, amonia inapandisha pH, na kuzunguka kundi lake panatokea duara la waridi. Njia hii imeandikwa tangu 1997, na tangu hapo wanafunzi wa India, Misri, Nigeria na kwingineko wamejaza majarida kwa maduara ya waridi. Nimewaambia wangu: kuliona duara ni mwanzo wa swali. Hawakufurahi sana.

Butembo, Jumamosi 11 Februari

Tumekwenda sokoni kutafuta viazi vilivyooza.

Udongo una bakteria wa kila namna, lakini nataka tuanzie pale ambapo historia ya dawa hii imewahi kupita. Asparajinasi ya hospitali ilitoka kwanza kwa Escherichia coli, bakteria wa utumbo. Ya pili ilitoka kwa Erwinia, jamii ya bakteria wanaoozesha mboga na viazi hadi vikawa uji unaonuka. Waingereza wa labo ya Porton waliisafisha miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo kimbilio la mtoto ambaye mwili wake umeikataa ile ya kwanza, kwa kuwa kinga iliyojengwa dhidi ya moja haiitambui nyingine. Viazi vya Lubero vinavyoshuka hapa kwa malori, vikinyeshewa njiani, vinaoza kwa ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Kinachomtia hasara mkulima wa Lubero kina ndugu katika friji za hospitali za Ulaya.

Mama muuzaji ametushangaa. "Mwalimu, hivyo natupa. Una nguruwe?" Nimemwambia ni vya labo, tunatafuta kidudu kinachosaidia dawa ya damu. Amechagua vilivyooza zaidi, akavifunga katika jani la mgomba, kisha akaongeza juu viazi vinne vizima. "Hivi vya watoto wako." Amekataa faranga zangu. Akaniuliza kama dawa ya damu inatibu pia upungufu wa damu wa mjukuu wake, aliye mweupe wa macho tangu Desemba. Nimemwambia ampeleke apimwe damu kesho, asingoje Jumatatu ya soko. Nimeondoka na viazi, na swali lake limenikaa kuliko viazi.

Butembo, Jumapili 19 Februari

Baada ya misa nimekaa kwa dada yangu. Chini ya meza ya jikoni simbilisi wake wanakimbizana na kulia, watoto wanawatupia majani. Nyumba nyingi za Kivu zina hawa wanyama: nyama ya haraka, hawahitaji shamba, na mtoto anaweza kuuza mmoja akanunua daftari. Nimewaambia watoto wa dada kwamba asparajinasi iligunduliwa ndani ya damu ya simbilisi, wakadhani nawatania.

Mwaka 1953 John Kidd, daktari wa Cornell huko New York, alikuwa akijaribu kutibu uvimbe wa limfu wa panya. Kinga aliyotaka kuipima ilitoka kwa sungura, na seramu ya simbilisi aliichanganya tu kama kiungo cha kuisaidia. Panya waliopata seramu ya simbilisi peke yake, wale wa kulinganishia, uvimbe wao ukayeyuka. Seramu ya farasi au ya sungura haikufanya hivyo. Kitu kilikuwa katika simbilisi, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua ni nini. Jibu lilikuwa limeandikwa zamani: mwaka 1922 Clementi alikuwa ameonyesha kwamba seramu ya simbilisi ina asparajinasi, jambo lisilo la kawaida kwa wanyama. John Broome aliunganisha habari hizo mbili, na mwaka 1961 akaonyesha kwamba kinachoua uvimbe ni kimeng'enya hicho.

Lakini simbilisi mmoja ana damu kiasi gani? Mwaka 1966 madaktari walitangaza habari za mtoto mwenye leukemia aliyepewa kimeng'enya kilichotolewa katika seramu ya simbilisi, na ilikuwa wazi kwamba njia hiyo haitafika mbali. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa na kazi ya Mashburn na Wriston ya mwaka 1964: asparajinasi ya E. coli nayo inaua uvimbe. Bakteria unamlisha katika pipa anazaliana usiku kucha. Marekani iliidhinisha dawa yenyewe mwaka 1978.

Ninachotaka wanafunzi washike katika hadithi hii ni panya wa kulinganishia. Kidd angewaacha wale panya nje ya jaribio, asingeona kitu.

Butembo, Alhamisi 2 Machi

Sahani zimebadilika rangi.

Kutoka kwenye viazi, maduara mawili mapana. Kutoka udongo wa shamba la maharage karibu na mto Kimemi, madogo madogo. Wanafunzi wamepiga kelele hadi mlinzi akaja. Nimewaacha wafurahi, kwa sababu kufurahi mbele ya sahani ni haki ya kila anayeanza.

Kisha tumeketi na sahani za kulinganishia. Zina kila kitu kile kile, ila mahali pa asparajini kuna nitrati ya sodiamu. Kundi moja kati ya yale ya shambani limegeuza hata sahani hiyo kuwa waridi. Basi huyo anapandisha pH kwa njia yake mwenyewe, bila asparajini. Tumemtoa. Na kundi jingine, jekundu kama damu ya kuku, mmoja wao alilihesabu kwa furaha kubwa. Nikamwonyesha: wekundu uko ndani ya bakteria mwenyewe, aga inayomzunguka bado njano. Nadhani ni Serratia, ambaye hutengeneza rangi yake. Serratia pia anaweza kuwa na asparajinasi, kwa hiyo hatumtupi. Tunamwandika upande, atapimwa kwa njia nyingine.

Waliobaki ni wachache. Ndivyo inavyotakiwa.

Butembo, Alhamisi 9 Machi

Habari kutoka Mukondi, wilaya ya Beni. Usiku wavamizi wameua watu zaidi ya 30. Mwanafunzi mmoja ana shangazi upande ule, simu haipiti. Hatukufanya kazi ya labo leo. Nimewasha kabati la joto tu, ili bakteria wasife.

Beni, Jumamosi 18 Machi

Nimefika kwa baba mdogo. Njia imepitika, kilomita hamsini na kitu kutoka Butembo, lakini kila abiria kwenye gari alikuwa kimya kuanzia Maboya. Hapa ni chini kuliko kwetu, joto, kakao imeanikwa mbele ya nyumba. Nimekuja kuchukua udongo chini ya mipapai yake ya zamani.

Nilipomweleza kwamba tunatafuta kimeng'enya, hakuniuliza kimeng'enya ni nini. Alinyoosha mikono. "Mwanangu, papaini ilikula vidole hivi." Kizazi chake kizima kiliishi kwa kimeng'enya. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, walichora mistari kwa wembe kwenye papai bichi lililo bado mtini. Utomvu mweupe ulichuruzika juu ya kitambaa, ukakaushwa, ukapelekwa kwa mnunuzi. Papaini huvunja protini. Inalainisha nyama, inasafisha bia, inaingia katika dawa, na ngozi ya mchumaji nayo ni protini. ENRA, ambayo watu wa Beni leo wanaijua kwa mbao, ilianza na kazi hiyo, na hata jina lake limetokana na vimeng'enya vilivyosafishwa. Kwa hiyo mtu akisema Kivu haina historia ya vimeng'enya, hajawahi kukaa na wazee wa Beni.

Nilimuuliza bei ilipangwaje. "Kwa rangi. Nyeupe, bei nzuri. Ikiungua ikawa kahawia, wanatupunja." Je, alijua nguvu ya papaini yake? Kimeng'enya kina nguvu inayopimika: gramu moja inaweza kuvunja protini kiasi gani kwa dakika. Hapana, hakujua kwamba kuna kipimo. Kipimo kilifanyika mbali, kwa mnunuzi wa mnunuzi. Mkulima alileta utomvu, namba ikabaki kwa mwingine, na mwenye namba ndiye aliyepanga bei.

Nimeandika maneno yake kwa sababu sasa najua ninachowatafutia wanafunzi wangu. Bakteria wapo duniani kote, na E. coli yumo katika utumbo wa kila mmoja wetu. Tunachohitaji kumiliki ni namba.

Beni, Jumapili 19 Machi

Rafiki yangu ni laboranti hapa tangu kabla ya Ebola. Tumekaa barazani mchana kutwa.

Aliniambia kisa cha 2019. Mtoto wa kiume, homa, fizi zinavuja damu, madoa ya zambarau kwenye miguu. Katika miezi ile kila anayevuja damu alikuwa wa kupelekwa kwenye mahema. Walimpima Ebola, hasi. Wakangoja siku mbili, wakapima tena, hasi. Wakampa karatasi, wakamrudisha nyumbani, na mama yake akalia kwa furaha. Wiki chache baadaye akafa. "Tulijua ambacho hakuwa nacho," rafiki yangu alisema. "Hakuna aliyetuambia tutafute alichokuwa nacho."

Mlipuko ule, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Siwezi kumlaumu mtu aliyefanya kazi ndani ya suti ile ya kinga, jua likiwaka na mawe yakirushwa. Lakini kisa hicho kinaonyesha labo yetu ilipo. Mashine za kisasa zilikuja na swali moja, zikajibu swali hilo kwa saa chache, vizuri kabisa. Maswali mengine yakabaki nje ya mlango.

Kisha akatoa kioo cha zamani cha malaria. Kila siku hupaka damu kwenye kioo, tone nene na tabaka jembamba, huitia rangi ya Giemsa, hutafuta vimelea ndani ya chembe nyekundu. Chembe nyeupe zipo palepale katika tabaka jembamba. Katika leukemia mara nyingi zinajaa changa, kubwa, kiini kimeshika karibu chembe nzima, zinafanana moja kwa moja kama zimetolewa kwenye kalibu moja. "Ninaziona," alisema, "nikiambiwa nizitazame." Fomu aliyopewa ina mistari miwili tu: malaria ndiyo, malaria hapana.

Huku mtoto mwenye leukemia hupita katika mlolongo uleule: kwanza malaria, kisha taifodi, kisha upungufu wa damu, kisha majirani wanasema amelishwa sumu, kisha chumba cha maombi. Kila hatua inakula wiki. Ugonjwa huu unahesabu wiki. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2018, angalau asilimia 60 wapone ifikapo 2030. Imebaki miaka saba, na fomu ya rafiki yangu bado ina mistari miwili.

Butembo, Jumatano 5 Aprili

Leo kipimo chenyewe. Duara halina namba: pana au jembamba, linategemea unene wa aga, joto, umri wa kundi. Tumewakuza waliobaki katika maji ya chakula, tukachukua majimaji yao, tukayachanganya na asparajini, nyuzi 37. Baada ya muda uliopimwa tunazima mchezo kwa asidi, kisha tunatia kitendanishi cha Nessler. Amonia ikiwapo, maji yanakuwa njano hadi chungwa. Rangi ikikolea, amonia ni nyingi. Kwa kuwa kipima rangi chetu kina taa iliyokufa, tumepanga mirija yenye amonia ya kiasi tunachokijua, kutoka hafifu hadi kali, tukalinganisha kwa macho mbele ya karatasi nyeupe. Watu watatu wanasoma, kila mmoja peke yake, ndipo tunafungua daftari. Kipimo kimoja cha kimataifa cha kimeng'enya hiki ni kiasi kinachotoa maikromoli moja ya amonia kwa dakika katika nyuzi 37. Sasa tuna namba. Ni namba ya macho, yenye ukungu pembeni, lakini ni yetu.

Nessler ina zebaki. Mabaki yote yanaingia katika chupa moja yenye kifuniko, hakuna kinachomwagwa kwenye sinki linalokwenda Kimemi. Hili sitalegeza hata kidogo.

Mmoja wa wale wa viazi ana nguvu kuliko wote. Mwanafunzi aliniuliza kama tuandike kwenye jalada la TFC kwamba tumepata dawa. Nikamwandikia ubaoni yanayobaki. E. coli ana asparajinasi mbili: moja hukaa ndani ya chembe na hutaka asparajini nyingi ndipo ifanye kazi, nyingine hukaa nje kidogo, kwenye nafasi kati ya kuta zake, na hukamata hata asparajini chache sana. Katika damu asparajini ni chache sana, kwa hiyo ni hiyo ya pili pekee inayotibu. Yetu ni ipi? Hatujui hadi tuipime kwa asparajini inayopunguzwa hatua kwa hatua. Je, inavunja na glutamini? Ikivunja nyingi, madhara kwa mgonjwa yanaongezeka. Je, inadumu saa ngapi katika damu? Ile ya E. coli nusu yake hupotea kwa siku moja na kidogo, ya Erwinia haraka zaidi, na iliyofungwa katika kemikali iitwayo PEG hukaa siku tano na zaidi. Je, sumu za kuta za bakteria zimeondolewa? Na baada ya hayo yote bado kuna mzio, kongosho kuvimba, damu kuganda. Alinakili yote bila kuinua kichwa. Jalada litasema "uchunguzi wa awali."

Butembo, Jumapili 23 Aprili

Baba mmoja wa mtaa wa pili, mwanawe anatibiwa Kampala, alikuja na kichupa. Asparajinasi ya unga, ya kuchanganywa na maji. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ilisafiri naye katika mfuko siku ya joto, gari likaharibika kabla ya mpaka, barafu ikayeyuka. Daktari wake alimwambia asiitumie, akapewa nyingine. Hakuweza kuitupa. Alilipa dola nyingi. "Mwalimu, naomba tu unijulishe kama ilikuwa imekufa kweli."

Tumeipima kwa mirija ileile ya Nessler. Haikuwa imekufa, lakini ilikuwa chini ya iliyoandikwa kwenye lebo, hata ukitoa ukungu wa macho yetu. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia daktari alikuwa sahihi, mtoto hapewi dawa ya nusu nguvu. Dozi ndogo haionekani: mtoto hatapiki, hapati homa, kila mtu anaridhika, na chembe za ugonjwa zinaendelea kula. Madaktari wanaopima damu baada ya sindano wanataka kimeng'enya kisishuke chini ya kipimo 0.1 kwa mililita, na hospitali nyingi za Afrika hazina njia ya kujua.

Nilikaa na jambo hili hadi usiku. Kipimo tulichojifunza kwa ajili ya viazi vilivyooza ndicho kipimo cha kichupa. Mkono uleule, mirija ileile. Brazili mwaka 2017 ilibadilisha muuzaji, ikaleta Leuginase kutoka China, na wachunguzi wa huko wakakuta imejaa protini nyingine za bakteria zisizotakiwa. Waliweza kubishana na wizara yao kwa sababu walikuwa na labo ya kusema hapana. Mirija yetu isingeona uchafu ule, kwa kuwa inaona nguvu tu, haioni usafi. Lakini kichupa kilichopikwa na jua tunaweza kukikamata. Kutoka mpakani Kasindi hadi hapa jua ni jingi.

Butembo, Jumapili 14 Mei

Mwanafunzi wa pili anauliza: tukimpata bakteria mzuri kweli, ni wa nani?

Nimemwambia habari ya maziwa ya magadi ya Kenya, Bogoria na Nakuru. Wageni walichukua bakteria huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, vimeng'enya vyao vikaishia katika viwanda vya nje, vikitumika hata kwenye nguo za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai sehemu yake. Nimemwambia pia habari ya kwetu: dawa mojawapo ya Ebola iliyojaribiwa hapa Beni na Butembo, mAb114, ilianzia katika damu ya Mkongomani aliyepona Kikwit mwaka 1995, na Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa Ebola, alikuwa kati ya walioipigania. Ilitengenezwa Marekani. Imeokoa watu wetu na nashukuru kwa hilo, sina neno la kupunguza. Ila nilitaka aone kwamba swali lake lina majina na tarehe. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ipo kwa ajili ya swali hilo. Kila sahani yetu sasa ina karatasi: mahali, siku, shamba la nani, na jina la aliyeruhusu. Mama wa viazi ameandikwa.

Butembo, Jumamosi 3 Juni

Wametetea TFC jana, wamefaulu wote wawili. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini hawakumtambua bakteria kwa jeni. Wakajibu vizuri: hakuna mashine hapa, sampuli imehifadhiwa kwenye gliseroli, inangoja labo itakayokubali kuisoma na jina letu likiwamo.

Mjukuu wa mama wa viazi alipimwa. Ni minyoo na lishe, anapona.

Baba mdogo amepiga simu kutoka Beni kuuliza kama udongo wa mipapai ulitoa kitu. Ulitoa maduara hafifu, nimemwambia na namba zake. Akaniomba nizirudie polepole, aziandike.

Nimemaliza leo karatasi ya ukurasa mmoja kwa ajili ya malaboranti wa Butembo na Beni. Rafiki yangu ameisoma na kuisahihisha, na anaipeleka kwa wenzake kuanzia Jumatatu. Nainakili hapa:

"Mwenzetu, ukisoma kioo cha malaria cha mtoto aliye mweupe wa macho, mwenye homa isiyokwisha, anayevuja damu puani au kwenye fizi, au anayelia maumivu ya mifupa, usiishie kwenye chembe nyekundu. Nenda kwenye tabaka jembamba, mwisho wa mkia, tazama chembe nyeupe. Zikiwa changa na zinafanana zote, andika hivyo chini ya fomu hata kama hakuna mstari wa kuandikia, kihifadhi kioo, mwite daktari siku hiyo hiyo. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Kampala tangu 1967 na inapokea watoto wa kwetu. Wiki moja unayomwokolea mtoto huyu ni kubwa kuliko dawa yoyote tutakayoigundua hapa."